Bukari ya Kijani

Jumapili moja baada ya misa Evodie alipita kwa mama yake, mtaa wa Kataki mjini Kalemie, akamkuta jikoni anasonga bukari, ugali wa mihogo, lakini ya kijani. Haikuwa kijani ya majani mabichi; ilikuwa imefifia kama kitenge kilichofuliwa miaka mingi. Akauliza ni unga gani huo. Mama Mujinga akamwambia ni unga wa Papa Hippolyte, ule unaotangazwa redioni kwamba unakula sukari mwilini. Alikuwa akiutumia tangu mvua zilipoanza, na kwa kuwa ulimfaa, vidonge vya sukari alikuwa anameza vya asubuhi tu. Vya jioni ameviacha.

Aliyasema hayo huku mwiko unaendelea kuzunguka, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu kwamba amehamisha kabati.

Evodie alikuwa mwanalishe katika hospitali moja ya mjini. Wagonjwa wa sukari wakitoka kwa daktari walipitia kwake, naye akawafundisha wale nini, wale kiasi gani, wapunguze nini. Kazi hiyo alikuwa ameisomea Lubumbashi na kuipenda, na wenzake walijua tabia yake: hakukubali jambo wala kulikataa kabla ya kuuliza limejulikanaje. Sasa mama yake mzazi amepunguza dawa kwa sababu ya tangazo la redio, tena bila kumwambia. Jambo hilo lilimchoma. Lakini hakupandisha sauti. Alitoa kipimo kwenye mkoba, akamwomba mama kidole.

Namba ilipotokea aliitazama, akaitazama tena. Sukari ilikuwa imeshuka kweli. Tangu ugonjwa ulipogunduliwa haikuwahi kuwa nzuri namna ile.

"Unaona," Mama Mujinga akasema.

"Ninaona," Evodie akajibu. "Kuna kitu kimeishusha, Mama. Mie nataka kujua ni kitu gani."

Mama hakuelewa swali hilo linatafuta nini, maana kwake jibu lilikuwa pale ndani ya sufuria. Wakabishana kwa upole mpaka chakula kikawekwa mezani, na mwishowe wakapatana. Mama angerudia vidonge vya jioni mpaka daktari aseme vinginevyo. Evodie naye angekwenda kumwona Papa Hippolyte na kumsikiliza, si kumkaripia. Mama alimkubalia shingo upande, lakini alimkubalia.

Mashine ya kusagia ya Papa Hippolyte ilikuwa karibu na stesheni, mahali mihogo iliyotoka Nyunzu kwa treni ilikuwa inashushwa. Evodie alifika asubuhi akakuta watu wanangoja, akasimama nao. Papa Hippolyte alikuwa mzee mrefu, aliyestaafu kazi ya reli, nyusi zake zimejaa unga. Kila mteja alimshika kwanza kwa maneno kabla ya kumkabidhi mfuko. Bukari yako isipite ngumi yako, alikuwa akisema, na alikunja ngumi kuonyesha. Nusu ya sahani ijae mboga, sombe au lengalenga. Weka maharage au visamaki vya ndagala kando. Chai usitie sukari, soda uiache kabisa, na ukimaliza kula usilale, tembea kidogo. Alimwambia hivyo mama wa kwanza, akamwambia wa pili, hakuchoka. Evodie alisikiliza yote, akayaweka moyoni.

Zamu yake ilipofika alijitambulisha. Papa Hippolyte alifurahi kama mtu aliyekuwa akimngoja. Akamkalisha kwenye benchi, akamweleza ilivyoanza. Mdogo wake Christophe, aliyeishi Kabalo, alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, na mwaka uliofuata akafa. Hippolyte aliporudi kutoka mazishini aliapa kwamba atatafuta kitu. Akatafuta, akauliza watu, akasoma, hata akafikia mchanganyiko huu: mihogo iliyolowekwa vizuri, ndizi mbichi zilizokaushwa juani, na majani ya mulonge, yaliyoutia rangi ya kijani. Watu wakaula, sukari yao ikashuka. Wakaambiana. Redio ikamwita.

"Na siyo maneno yangu tu," akasema. "Wazungu wamepima."

Akamletea karatasi, utafiti ambao mpwa wake alikuwa ameuchapisha kutoka kwenye intaneti. Evodie aliusoma palepale, kelele za mashine zikiendelea, na Papa Hippolyte alimngoja kwa heshima. Aliposoma mpaka mwisho alimwuliza kama yuko tayari kusikia anachofikiri, mzee akasema ndiyo.

Evodie akamweleza polepole. Kwanza, waliopimwa hawakuwa watu, walikuwa panya, na panya wenyewe ni wachache. Mara nyingi kinachomsaidia panya hakimsaidii mtu, kwa hiyo utafiti wa namna hiyo ni mwanzo wa kuuliza, haujawa jibu. Pili, wale panya walikula unga wa ndizi mbichi bila kupikwa. Katika ndizi mbichi kuna wanga ambao tumbo haliwezi kuuvunja upesi, na huo ndio unaosifiwa. Lakini sisi unga tunautia kwenye maji yanayochemka na kuusonga, na moto unabadilisha sehemu kubwa ya wanga ule ikawa kama wanga mwingine. Tatu, chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba waliofadhili utafiti ni kampuni inayouza unga wa ndizi. Hilo peke yake haliufanyi uongo, akasema, lakini linatutaka tuutazame kwa macho mawili.

Papa Hippolyte aliichukua karatasi yake, akaikunja vizuri.

"Na mama yako?" akamwuliza. "Mama Mujinga si panya. Sukari yake imeshuka, amekuja kuniambia yeye mwenyewe."

"Imeshuka, nimeipima kwa mkono wangu. Lakini alipoanza unga wako alibadilisha mambo mangapi kwa pamoja? Hatujui ni lipi limefanya kazi."

Mzee alitabasamu. Alikuwa na uhakika na unga wake, na ule uhakika ulikuwa wa mtu mkweli. Evodie alilitambua hilo, na kwa sababu hiyo alimpenda. Papa Hippolyte akamwomba aje naye redioni aseme neno moja la kuuunga mkono. Evodie akamjibu kwamba atakwenda kwa moyo wote, lakini wapime kwanza. Mzee akasema wataliongea, akaenda kumhudumia aliyekuwa anangoja.

Huenda wangeliongea mpaka likasahaulika, kama si habari ya Papa François.

Papa François alikuwa fundi mashua wa upande wa mto Lukuga, mtu mzima, mwenye sukari ya siku nyingi. Alikuwa amesikia tangazo redioni, akamtuma jirani amnunulie mfuko, kwa hiyo yale maneno ya pale mashineni hayakumfikia. Alichoelewa ni kwamba unga ni dawa, na akafikiri dawa ukiila sana utapona mapema. Akala milima ya bukari ya kijani, asubuhi na jioni, na vidonge vyake vyote akavitupa. Watoto wake walipomleta hospitalini alikuwa amekauka midomo, anasema maneno yasiyoeleweka, na sukari yake ilikuwa juu kupita uwezo wa kipimo kuisoma.

Daktari Nicolas na wauguzi walimshughulikia, wakampa maji ya mshipa na insulini, na baada ya siku chache alianza kuwatambua watu. Habari zilikuwa zimeenea mjini. Mchana mmoja Papa Hippolyte alikuja hospitalini peke yake, amevaa shati la kanisani, akakaa kando ya kitanda. Papa François hakumlaumu. Alimwuliza tu kama yeye alikosea kiasi cha unga. Swali hilo lilimvunja mzee kuliko matusi.

Mzee alimkuta Evodie kwenye ukumbi wa nje, wakasimama pamoja wakitazama ziwa, lililokuwa limetulia.

"Pima," Papa Hippolyte akasema. "Pima unga wangu mbele ya macho yangu. Nikiwa nimewadanganya watu, nijue."

Evodie alimwambia kwamba hakumdanganya mtu, kwa sababu mdanganyifu anajua ukweli na anauficha. Lakini kupima, watapima, na watapima kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe Evodie hataweza kuisukuma upande anaoutaka.

Daktari Nicolas aliupokea mpango na kuusoma neno kwa neno. Aliweka sharti kwamba kila atakayeshiriki aendelee na dawa zake kama kawaida, na kwamba mtu akitaka kuacha, aache bila kuulizwa. Parokia ikawapa ukumbi. Wagonjwa wa sukari waliojitolea walikuwa wengi kuliko Evodie alivyotarajia, na Mama Mujinga alikuwa wa kwanza kujiandikisha, kwani alitaka binti yake aone.

Tatizo la kwanza lilikuwa ile rangi. Mtu akijua anakula unga anaouamini, anaweza kujihisi vizuri, anaweza hata kula tofauti na siku nyingine bila kukusudia. Kwa hiyo Evodie alimwomba Papa Hippolyte asage unga wa aina mbili: ule wake, na mwingine wa mihogo mitupu uliotiwa majani ya sombe yaliyokaushwa, ili zote zifanane. Keren, binti wa maabara, akazihamisha kwenye ndoo mbili, moja akaifunga kitambaa chekundu, nyingine cheupe. Ni yeye peke yake aliyejua unga upi ni upi, na alikuwa mtu wa kutunza siri.

Asubuhi ya kwanza watu walikuja bila kula. Walipimwa damu, kisha kila mmoja akapewa tonge la bukari lililopimwa kwenye mizani, sawasawa na la mwenzake, na mchuzi uleule. Nusu yao walikula ya kitambaa chekundu, nusu ya cheupe. Wakakaa wakiongea na kuimba mpaka wakati wa kupimwa tena, wakapimwa zaidi ya mara moja, maana sukari hupanda halafu hushuka, na ukipima mara moja unaweza kuikosa. Wiki iliyofuata wakarudi, wakabadilishana: aliyekula chekundu akala cheupe. Kwa njia hiyo kila mtu alilinganishwa na nafsi yake, si na jirani mwenye mwili mwingine.

Papa Hippolyte alikuwepo siku zote mbili. Siku ya pili aliomba kuonja. Akaonja ndoo zote, akafumba macho, akasema bila wasiwasi kwamba wake ni ule wa kitambaa cheupe, ulimi wake hauwezi kuusahau. Keren akazifunika ndoo.

Matokeo waliyasoma pamoja katika ofisi ya Evodie: yeye, Papa Hippolyte, Daktari Nicolas na Keren. Namba zilikuwa zimeshapangwa, na Evodie alikuwa amezitazama bila kujua rangi ipi ni ya unga upi. Akawaeleza alichokiona. Baada ya kula chekundu sukari ilipanda. Baada ya kula cheupe sukari ilipanda vilevile. Wachache walipanda kidogo zaidi huku, wengine kidogo zaidi kule, kama inavyotokea hata mtu akila chakula kilekile siku mbili. Ukizijumlisha zote, zilikuwa kama njia mbili zinazokwenda sambamba.

Ndipo Keren akasema kwamba unga wa Papa Hippolyte ulikuwa wa kitambaa chekundu.

Mzee aliinamia zile namba. Mikono yake, iliyozoea kubeba magunia, ilikaa juu ya magoti bila kazi. Daktari Nicolas alitaka kusema kitu cha kumpoza, Evodie akamzuia kwa jicho. Alijua mzee anafikiri, na alitaka afike mwenyewe.

"Basi wale waliopona kwangu," Papa Hippolyte akasema mwishowe, "ni nini iliwashushia sukari? Siwezi kukubali kwamba sikuona nilichokiona."

Hilo ndilo swali Evodie alilokuwa akilisubiri, kwa sababu lilikuwa lake pia tangu ile Jumapili jikoni. Akamwambia kwamba alichokiona ni kweli. Kosa liko kwenye kile alichokipa sifa. Akamkumbusha maneno anayomwambia kila mtu pale mashineni: ngumi, nusu ya sahani, maharage, chai bila sukari, kutembea. Evodie alikuwa amewauliza wateja hao mmoja mmoja. Waliosikia yale maneno na kuyafuata walikuwa wameshuka. Walioununua unga kupitia jirani, au waliouchukua na kuendelea kula walivyozoea, hawakushuka. Na yaliyompata Papa François waliyajua.

Papa Hippolyte akainua kichwa. Akauliza kama hilo nalo si dhana tu. Kwa nini amwamini sasa, wakati unga nao ulionekana kweli?

Evodie alicheka kwa furaha. Akasema amesema vema, halafu akamwambia njia ya kujua. Wenye kutaka warudie bukari ya mihogo ya kawaida, nyeupe, na washike masharti yote mengine. Kama ni unga, sukari itapanda. Kama ni masharti, itabaki chini.

Mama Mujinga alikuwa miongoni mwao. Alikubali kwa kiburi kidogo, akimwambia binti yake kwamba ataona itakavyoruka. Kila baada ya siku kadhaa alipimwa, na kila mara aliingia akiwa na uso wa mtu anayekuja kushinda kesi. Sukari yake haikuruka. Wiki zikapita, msimu ukaelekea kiangazi, bukari yake ni nyeupe kama ya kila nyumba ya Kalemie, na namba zake zimebaki palepale. Za wenzake walioshika masharti zikawa hivyohivyo, isipokuwa mama mmoja aliyekiri kwamba soda ilimshinda siku ya harusi ya mtoto wake.

Siku ya mwisho ya kupimwa Mama Mujinga aliiangalia namba kwa muda mrefu. Evodie alidhani amekasirika, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa kwamba alichokiamini hakikuwa chenyewe. Akaanza kumfariji. Mama akamkatiza kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Unga haukufanya kitu?"

"Haukufanya, Mama. Ni chakula tu."

"Basi ni mie," Mama Mujinga akasema. "Ni mie niliishusha."

Akasimama, akajifunga kitenge upya, akakaza. Evodie alimtazama akaona mabega yake yamekaa tofauti. Alikuwa amemwandalia maelezo marefu kuhusu ukubwa wa tonge na nyuzinyuzi za mboga, akayaacha. Mama yake alikuwa amelielewa lile kubwa peke yake. Baadaye Daktari Nicolas alizipitia namba zake za muda wote huo, akaona anaweza kumpunguzia dozi, akampunguzia, akamwekea tarehe ya kurudi kuangaliwa. Mama alitoka mle ndani akitembea katikati ya njia.

Ilibaki redio. Evodie alikuwa ameahidi kwenda, na alikwenda, lakini Papa Hippolyte aliomba aongee yeye kwanza. Alisema kwa Kiswahili cha kawaida, bila karatasi, kwamba unga wake ni chakula safi, anajivunia jinsi anavyoloweka mihogo na kuikausha, na aupendaye aule. Lakini si dawa. Waliupima mbele yake, haukushusha sukari kuliko bukari nyingine, na yeyote aliyeacha vidonge kwa ajili yake avirudie leo na amwone daktari. Akamtaja Papa François, kwa ruhusa yake, na jinsi alivyoponea chupuchupu. Kisha akaeleza masharti, moja moja, polepole, ili hata aliye mbali na mashine yake ayasikie. Evodie aliongeza kidogo tu. Alisema kundi lao lilikuwa dogo, na wanaojua zaidi wakija na vipimo vikubwa zaidi atakuwa wa kwanza kuwasikiliza. Ila kwa sasa hakuna sababu ya mtu kuutegemea unga wowote badala ya dawa yake.

Wengi walidhani mashine itafungwa. Kwa majuma machache wateja walipungua kweli, na Papa Hippolyte alikaa kwenye benchi akizungumza na watu wa treni. Halafu wakaanza kurudi, wengine kwa unga wa kijani waliouzoea ladha yake, wengine kwa unga mweupe, wengi zaidi kwa sababu mtu aliyeweza kusema vile redioni juu ya bidhaa yake mwenyewe aliwafaa. Kwenye mifuko neno la sukari lilikuwa limefutwa. Badala yake palichorwa ngumi.

Papa François alipona, akarudi kwenye mashua zake na vidonge vyake. Kila mwezi hupita kwa Evodie, na hukunja ngumi kabla hajaulizwa.

Siku moja Evodie alikuwa akipita stesheni, akakuta mama mmoja mgeni amesimama mbele ya Papa Hippolyte na chupa ya maji meusi. Ilikuwa mizizi, mama huyo alikuwa akieleza, kutoka porini upande wa Niemba, inamaliza sukari kabisa, shemeji yake ameinywa akapona, na angependa iuzwe hapa kwa kuwa watu wanamwamini mzee. Papa Hippolyte alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake yote. Akamvutia benchi akae.

"Shemeji yako alibadilisha nini kingine?" akamwuliza. "Na wasiokunywa, mulilinganisha nao?"

Evodie hakusimama. Aliendelea na njia yake kuelekea hospitalini, akimwacha mzee na maswali yake.